Mwongozo kamili: jinsi ya kuchambua spektra za momentamu za chembe kwenye migongano ya protoni na ya ayoni nzito, bila kukwama pale wanapokwama wengi

Kuna mahali watu wanakwama kila siku na ni pale pale. Mtu anashusha data, anachora spektra (idadi ya chembe kwa kila thamani ya momentamu), anaweka fanksheni, afu fiti (kulinganisha fanksheni na data) inamletea halijoto ambayo haipo duniani, au RAA (uwiano wa chembe za ayoni nzito na zile za protoni kwa protoni zilizozidishwa kwa idadi ya migongano) inakaa juu ya 1 toka nukta ya kwanza mpaka ya mwisho. Anachofanya baada ya hapo ni kubadilisha fanksheni. Ikigoma anabadilisha nyingine. Wiki inaisha.

Nimepitia faili nyingi za watu waliokwama hivi na karibu zote fanksheni ilikuwa haina kosa lolote, kosa lilikuwa kwenye mhimili wima, yani mtu hajui namba aliyoshika inahesabu nini na imeshagawanywa kwa nini. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana hapo mwanzoni, na usiruke hata kama unaona ni mambo ya kitoto.

## Andaa hivi vitu kwanza

Kompyuta ya kawaida tu inatosha. Weka Python yenye numpy, scipy, matplotlib na iminuit, au kama umezoea ROOT (programu ya CERN ya kuchambua data) tumia ROOT, majibu ni yale yale. Uproot nayo iwepo kama kuna faili za ROOT unataka kuzisoma ukiwa Python.

Data: nenda HEPData, hazina ya mtandaoni ya data za fizikia ya chembe, zipo bure, unashusha kwa CSV, YAML au ROOT. Kwa kujifunzia chukua za ALICE, jaribio la ayoni nzito pale LHC, kichapuzi cha chembe cha CERN: spektra za paioni, kaoni na protoni kwenye risasi kwa risasi (Pb-Pb) za 2.76 TeV, chembe zote zenye chaji za migongano hiyo hiyo, na za protoni kwa protoni (pp) za nishati ile ile ya 2.76 TeV. Usichukue pp ya 7 TeV eti kwa sababu ndo uliyoiona kwanza.

Shusha na makala yenyewe iliyotoa hizo data. Faili la CSV peke yake halitoshi, ntaeleza sababu.

Masi za chembe kwa GeV: paioni 0.13957, kaoni 0.49368, protoni 0.93827. Na jedwali la Glauber (modeli ya kuhesabu jiometri ya mgongano) la hiyo data ya ayoni nzito, lenye Npart (nukleoni zilizoshiriki), Ncoll (migongano ya nukleoni kwa nukleoni) na TAA (kipimo cha viini kupishana) kwa kila daraja la sentraliti, yani viini vimegongana katikati kiasi gani, 0-5% ndo ya katikati kabisa.

Mwisho, daftari la karatasi. Nasema kweli, karatasi.

## Hatua ya 1: Soma mhimili wima kabla hujachora chochote

Tunachopima ni momentamu mkingamo, pT, ile sehemu ya momentamu iliyo pembe mraba na mwale. Hiyo ni ya mhimili wa chini na haina shida. Wa juu ndo wenye mambo. Fungua makala, tafuta mchoro wenyewe, jibu maswali haya kwa kuandika:

Kuna 1/(2πpT) pale mbele au haipo? Ikiwepo hiyo ni zao lisilobadilika (invariant yield), isipokuwepo ni dN/dpT ya kawaida. Pima ukubwa wa kosa mwenyewe: pT ikiwa 0.5, 2πpT ni 3.14, pT ikiwa 10, ni 62.8. Ukisahau, umepinda mchoro mara 20 kati ya hizo nukta mbili, na hakuna fanksheni itakayokuokoa, itafiti vizuri tu na kukupa parameta za uongo. Hilo ndo linaniumiza zaidi, kwamba inafiti vizuri.

Ni idadi ya chembe kwa tukio, au ni krosiseksheni (eneo linalopima uwezekano wa mgongano)? Ukiona milibani kwenye yuniti ujue ni krosiseksheni. Ukitaka idadi kwa tukio gawanya kwa krosiseksheni ya migongano isiyo elastiki (inayozaa chembe mpya), ambayo kwa pp ya 2.76 TeV ni kama milibani 64. Angalia pia hayo matukio ni yapi, yote yasiyo elastiki au kundi fulani tu, maana kila kundi lina kigawanyo chake.

Ni kwa rapiditi (y, kipimo cha mwendo wa chembe kufuata mwale) au kwa sudorapiditi (η, inayotokana na pembe peke yake)? Na je, wameshagawanya kwa upana wa dirisha? Dirisha la η kutoka -0.8 mpaka 0.8 lina upana wa 1.6, sio 0.8. Hii 0.8 imeshawapoteza wengi.

Chaji moja au zote mbili? Kuna jedwali la π+ peke yake, kuna la π+ na π- pamoja, kuna la wastani wa hizo mbili. Hapo kuna mara 2 inakusubiri.

Hizi ndo sababu za kuwa na makala mkononi, kichwa cha safu kwenye CSV mara nyingi kimefupishwa mpaka hakisemi kitu.

*Ukifaulu:* unaweza kusema kwa sentensi moja bila kusita, "hii namba ni idadi ya paioni chanya, kwa tukio moja, kwa yuniti moja ya rapiditi, kwa GeV/c moja." Kama sentensi inakatika katikati, usisonge mbele.

## Hatua ya 2: Leta kila kitu kwenye lugha moja

Mi napenda kubadilisha zote ziwe d²N/(dpT dy), kwa tukio, chaji moja. Zidisha kwa 2πpT pale ilipogawanywa, gawanya kwa 2 pale chaji zilipojumlishwa, na kadhalika. Andika kila badiliko kama mstari wake kwenye kodi, usibananishe matano kwenye mstari mmoja maana likikosewa moja hutalijua.

Kutoka η kwenda y unagawanya kwa kigezo p/E. Katikati kabisa, η ikiwa 0, kinakuwa pT/mT, ambapo mT = √(pT² + m²). Hesabu kidogo uone kwa nini hakipuuzwi: paioni mwenye pT ya 0.3 anapata 0.91, lakini protoni mwenye pT hiyo hiyo 0.3 anapata 0.30. Kwa pT ya 1, paioni 0.99, protoni 0.73. Yani kwa paioni unaweza ukajisahau kidogo ukapona, kwa protoni wa chini umeharibu kabisa.

Onyo: chembe zenye chaji zisizotambuliwa hazina masi moja, kwa hiyo huwezi kuzigeuza kwenda y kwa usahihi. Ziache kwenye η na linganisha η kwa η.

*Ukifaulu:* chora dN/dpT. Inatakiwa ianze chini, ipande, ifike kilele, ishuke. Kilele cha paioni kiko chini ya 0.5 GeV/c, cha protoni kwenye migongano ya katikati ya Pb-Pb kiko karibu na 1 au kuzidi kidogo. Kama mchoro wako unashuka tu toka mwanzo bila kilele, na data inaanzia chini vya kutosha, basi 1/(2πpT) bado imo. Rudi.

## Kama data ni ghafi, umehesabu mwenyewe

Hii ni kazi nyingine kubwa lakini kwa ufupi: kabla ya yote yanayofuata lazima uwe umesahihisha ufanisi wa ditekta (chembe ngapi zilipita bila kuonekana), umeondoa chembe za pili, mfano protoni waliozaliwa na chembe ya Λ (lambda) kuvunjika njiani, umesahihisha ufanisi wa triga (mfumo unaochagua matukio ya kurekodi), na kule juu ambako spektra ni mteremko mkali umerekebisha ukungu wa kipimo cha momentamu. Ukungu unasukuma chembe pande zote mbili, ila kwa kuwa za chini ni nyingi kuliko za juu, zinazopanda bini (kipande cha pT) ni nyingi kuliko zinazoshuka na mkia unavimba. Data za HEPData zimeshafanyiwa haya yote, usiyarudie.

## Hatua ya 3: Chora kwa logi, angalia makosa

Mhimili wima uwe wa logi maana namba zinashuka kwa mafungu mengi ya kumi. Kwa macho tu utaona chini mstari unajipinda kama eksponenti, juu unanyooka kama pawa. Ule wa chini ndo chembe laini, zinazobeba habari za mfumo mzima. Wa juu umetokana na kwaki na gluoni waliogongana kwa nguvu. Mpito ni wa polepole, usitafute mpaka.

Sasa makosa. Data ina kosa la takwimu na kosa la mfumo. Kwenye fiti wengi wanayajumlisha kwa miraba, sawa, lakini ujue nini kitatokea: makosa ya mfumo ya nukta jirani yanakwenda pamoja, ukiyachukulia kama kila moja linajitegemea χ²/ndf yako (kipimo cha jinsi fiti inavyokaa kwenye data) itashuka mpaka 0.2 na utajisifu bure. Kosa la kupima wingi wa jumla, lile linalosukuma nukta zote juu au chini kwa pamoja, litoe kabisa kwenye fiti, liongeze mwishoni kwenye zao (idadi ya jumla ya chembe) tu.

## Hatua ya 4: Fiti pp kwa Tsallis

Anza na protoni kwa protoni. Fanksheni iliyokaa vizuri kwa pp ni ya Tsallis, na umbo ninalotumia ni lile lenye msimamo wa thamodainamiki ambalo Jean Cleymans wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walilitumia sana kwa data za LHC. Katikati ya rapiditi linakuwa:

```
def tsallis(pt, N, T, q, m):
    mt = np.sqrt(pt**2 + m**2)
    return N * pt * mt * (1 + (q-1)*mt/T)**(-q/(q-1))
```

N ni wingi, T ni halijoto kwa GeV, q inasema mkia umenyanyuka kiasi gani. q ikikaribia 1 unarudi kwenye eksponenti ya kawaida ya Boltzmann. Kule juu kabisa inashuka kama pawa yenye kipeo q/(q-1) - 2 (ile 2 inatokana na pt na mt za mbele), mfano q ya 1.14 inakupa 6.1.

Usifiti kwa katikati ya bini. Hili nalishikilia sana. Nukta uliyopewa ni wastani wa spektra ndani ya bini nzima, na spektra imepinda. Chukua bini pana ya 20 mpaka 30 GeV/c, tuseme spektra inashuka kama pT kwa kipeo -6. Wastani wa bini unakuwa mkubwa kwa asilimia 32 kuliko thamani pale kwenye 25, na mahali ambapo mstari unapita kweli kwenye ule wastani ni 23.85. Asilimia 32! Na mtu ana makosa ya asilimia 5 pembeni anashangaa fiti inagoma mkiani. Dawa ni rahisi: integreti fanksheni kutoka ukingo wa chini mpaka wa juu wa bini, gawanya kwa upana, linganisha hiyo na data. Na usizisogeze nukta za data, maana RAA utaihitaji kwenye bini zile zile.

Thamani za kuanzia: T = 0.08, q = 1.12, na N kadiria kwa kulazimisha fanksheni ipite kwenye nukta ya kwanza. Weka mipaka, q iwe juu ya 1.001 na chini ya 1.3, T juu ya 0.01. Bila mipaka minimaiza (programu inayotafuta parameta bora) itaingia q = 1 kamili na kugawanya kwa sifuri, utaona nan ("si namba") skrini nzima.

Onyo lingine kubwa, T na q zinavutana. Moja ikipanda nyingine inashuka na χ² karibu haibadiliki. Kwa hiyo ukisema "T yangu ni kubwa kuliko yako" bila kuonyesha matriksi ya kovariansi hujasema kitu. Vile vile kuna maumbo kadhaa ya Tsallis, lile la Levy lenye n na C ni jingine, T ya huku na C ya kule haziwekwi kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja.

*Ukifaulu:* q kati ya 1.1 na 1.2, T kwenye makumi kadhaa ya MeV. Afu chora data gawanya kwa fiti. Nukta zitawanyike juu na chini ya 1 bila mpangilio. Zikichora wimbi refu, zote chini afu zote juu afu zote chini, umbo halijakaa hata kama χ² inapendeza. Mimi huangalia huo uwiano kabla ya χ², kila mara.

Ukipata T ya 0.5 au 0.9 GeV, wala usiguse fanksheni, rudi hatua ya 1. Au umeweka masi kwa MeV na pT kwa GeV, hiyo nayo nimeiona sana.

## Hatua ya 5: Ayoni nzito zinataka kitu kingine

Kwenye Pb-Pb ya katikati mfumo unapanuka kwa pamoja kama kitu kinacholipuka, na chembe zote zinabebwa na mwendo ule ule. Chembe nzito ikibebwa kwa kasi ile ile inapata momentamu kubwa kuliko nyepesi, ndo maana spektra ya protoni imetandazwa chini kuliko ya paioni. Tsallis ya kawaida haina huo mwendo ndani yake.

Tunatumia blasti-wevu, ya Schnedermann, Sollfrank na Heinz ya 1993. Kwa kila chembe unaintegreti kutoka r = 0 mpaka 1:

dN/(pT dpT) ∝ ∫ r dr mT I0(pT sinh ρ / T) K1(mT cosh ρ / T), na ρ = atanh(βs rⁿ), ambapo I0 na K1 ni fanksheni za Bessel, βs ni kasi ya ukingoni na n ni umbo la mwendo

Angalia upande wa kushoto, kuna pT imegawanywa. Ukiwa na dN/dpT zidisha.

Fiti paioni, kaoni na protoni kwa pamoja, T, βs na n ziwe za wote, kila chembe na N yake. Ukifiti chembe moja moja T na β zinavutana mpaka unaweza kupata karibu chochote. Masi tatu tofauti ndo zinazozitenganisha.

Masafa ya kufiti yana uzito kuliko watu wanavyodhani. ALICE kwa 2.76 TeV walitumia paioni 0.5 mpaka 1, kaoni 0.2 mpaka 1.5, protoni 0.3 mpaka 3 GeV/c. Paioni haanzi chini kwa sababu kule kumejaa paioni waliotokana na rezonansi (chembe za muda mfupi sana) kuvunjika, ambao modeli haiwajui. Na juu hatuendi kwa sababu chembe ngumu sio za huo mlipuko. Ukipanua masafa ya paioni parameta zinahama, kwa hiyo masafa lazima yaandikwe kwenye jibu.

Shida ya kodi: minimaiza ikijaribu T ndogo sana, I0 inalipuka na K1 inakuwa sifuri, zao lake ni nan. Tumia i0e na k1e za scipy, ambazo zimeshapunguzwa eksponenti, afu zidisha kwa exp(a - b), a ikiwa kilicho ndani ya I0 na b kilicho ndani ya K1. Kwa kuwa b ni kubwa kuliko a siku zote, haitalipuka tena.

*Ukifaulu:* kwa 0-5% ya 2.76 TeV, T iko karibu na 95 MeV na wastani wa β karibu na 0.65 ya kasi ya mwanga. Kumbuka wastani ni 2/(2+n) mara βs, usiripoti βs ya ukingoni ukaita wastani. Ukienda migongano ya pembeni zaidi, β inashuka na T inapanda.

Blasti-wevu inaweza kufiti hata pp na kukupa β. Usikimbilie kusema pp ina plazima ya kwaki na gluoni, modeli kama PYTHIA (programu ya kuiga migongano) yenye kuunganisha upya rangi nayo inatoa umbo linalofanana na hilo bila mlipuko wowote.

## Hatua ya 6: RAA

Swali ni moja tu: risasi kwa risasi ni sawa na pp nyingi zilizorundikwa, au kuna kitu kimetokea katikati?

RAA = (idadi ya chembe kwa tukio AA, yani ayoni kwa ayoni) / (TAA × krosiseksheni ya pp), au ukitumia idadi pande zote, AA / (Ncoll × pp). Njia mbili ni moja kwa sababu Ncoll = TAA × krosiseksheni isiyo elastiki. Kwa 0-5% TAA ni kama 26.4 kwa milibani, mara 64 inakupa karibu 1690. Ukichanganya, ukaweka TAA juu ya idadi au Ncoll juu ya krosiseksheni, jibu linakosea mara 64, na ukiona RAA imekosea mara 64 usitafute sababu nyingine.

Mfano wa namba za kufanyia zoezi: pp inatoa 2×10⁻⁶ kwenye bini fulani, AA inatoa 5×10⁻⁴. Chini: 1690 × 2×10⁻⁶ = 3.38×10⁻³. RAA = 0.148. Fanya bini moja hivi kwa mkono kila unapoanza data mpya, dakika mbili tu, ndo kazi ya lile daftari.

Bini lazima zilingane. Kama hazilingani unganisha bini nyembamba: zidisha kila thamani kwa upana wake, jumlisha, gawanya kwa upana mpya. Kuchukua wastani wa nukta mbili hivi hivi ni kosa kama upana ni tofauti.

*Ukifaulu:* kwa chembe zenye chaji, 0-5%, RAA inashuka mpaka karibu 0.13 kwenye pT ya 6 mpaka 7 GeV/c afu inapanda taratibu kuelekea juu. Pembeni shimo ni dogo zaidi. Kwenye p-Pb (protoni kwa risasi) ya 5.02 TeV inakaa karibu na 1 kule juu, na hapo ndo tunajua kwamba kushuka kwa Pb-Pb kunatokana na jeti (mafungu ya chembe yanayotoka kwa kwaki na gluoni wenye nguvu) kupoteza nishati ndani ya kile kitu cha moto, hakutokani na risasi yenyewe. Chini ya 2 GeV/c usisome RAA kama "kuzimwa", chembe laini haziongezeki kwa Ncoll, zinafuata zaidi Npart.

## Hatua ya 7: Kosa la jibu lako

Rudia fiti yote huku ukibadilisha kitu kimoja kimoja. Sogeza ukingo wa masafa bini moja juu na moja chini. Badilisha fanksheni. Pinda data ndani ya kosa la mfumo, nukta za chini juu na za juu chini, afu kinyume chake. Jinsi jibu linavyohama ndo kosa lako la kweli, lile dogo alilokupa minimaiza ni la takwimu tu.

Zao la jumla nalo lina mtego: ukiintegreti fiti mpaka pT = 0 andika ni asilimia ngapi imetoka mahali ambapo hapana data. Ikiwa kubwa, kosa la kubadilisha fanksheni litakuwa ndo kubwa kuliko yote.

Kwenye jedwali la mwisho, kila mstari uwe na: chembe, nishati, sentraliti, masafa ya kufiti, umbo la fanksheni, parameta na makosa yake, χ²/ndf, na uhusiano kati ya T na q au T na β. Pembeni weka ile sentensi ya hatua ya 1, kama ulivyoiandika kwenye daftari.